Dawa ya kisukari nayo huangusha: tufundishwe juu ya sukari inayoshuka

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo ambalo, kwa miaka tisa ya kumsindikiza mama yangu kliniki ya kisukari, sikuwahi kulisikia likielezwa kwa ukamilifu. Dawa zinazoteremsha sukari zinaweza kuiteremsha kupita kiasi, na sukari iliyoshuka mno inaweza kumwua mtu kwa saa chache, wakati ile iliyopanda mara nyingi humdhuru kwa miezi na miaka. Kila siku ya kliniki wauguzi hutukalisha kwenye mabenchi na kutupa mafunzo kabla daktari hajafika, na mafunzo yenyewe ni mazuri: tupunguze posho (ugali) na soda, tutembee, tukague nyayo, tusiache dawa. Tumeyakariri kama watoto wanavyokariri jedwali la kuzidisha. Upande wa pili wa mizani haukutajwa, na mimi nilikuja kuujua alfajiri moja, nimeshika tochi ya simu juu ya uso wa mama.

Mama ana miaka 74. Kwa muda mrefu alikuwa akimeza glibenklamidi ya miligramu 5 asubuhi na jioni, pamoja na metformini. Wiki ile alikuwa na mafua na chakula kilimshinda; jioni alikunywa uji nusu kikombe, kisha akameza dawa zake zote, kwa kuwa "usiache dawa" ndiyo amri aliyoishika kuliko nyingine zote alizofundishwa. Saa kumi alfajiri nilimsikia akizungumza na dada yake aliyekwisha kufariki zamani. Nilipomgusa nilikuta ameloa jasho, ngozi baridi, na nilipojaribu kumwinua alinipiga kofi, mwanamke ambaye hata mbwa hampigi. Jirani mmoja alisema ni malaria imepanda kichwani. Mwingine akataka tumwite shehe amsomee. Tulimpakia kwenye bodaboda, mimi nyuma nikimshikilia, tukafika kwenye kliniki ambayo sitaitaja, maana nia yangu si kumshitaki mtu. Mhudumu wa zamu naye aliona malaria, akaanza kuandaa dripu ya kwinini. Bahati yetu ni mkunga aliyekuwa akifunga zamu yake. Alipita mlangoni, akauliza kama mgonjwa ana kisukari, akamchoma kidole. Kipimo kilisoma 1.9, ilhali asubuhi hutakiwa kisome tano au sita. Walimdunga glukosi mshipani, na kabla bomba halijaisha mama alifumbua macho akauliza kwa nini tumemvua kitambaa cha kichwa mbele za watu.

Tuliruhusiwa saa nne asubuhi tukiwa na furaha. Saa kumi na mbili jioni alizimia tena.

Kuanguka huko kwa pili ndiko kulikonifanya nianze kuuliza na kusoma, kwa sababu ile mara ya kwanza ningeweza kuiita ajali. Nilichojifunza ni kwamba glibenklamidi haifanyi kazi kama metformini. Metformini hupunguza sukari inayotengenezwa na ini, na ikitumiwa peke yake ni nadra kuiangusha sukari chini ya kiwango. Glibenklamidi, kwa upande wake, hulilazimisha kongosho kumwaga insulini, na haiulizi kama mgonjwa amekula au hajala. Nguvu yake hudumu muda mrefu mwilini, tena mabaki yake, ambayo bado yana uwezo wa kuteremsha sukari, hutolewa na figo; mtu ambaye figo zake zimechoka, na wazee wengi wenye kisukari ndivyo walivyo, hubaki nayo damuni siku nzima na zaidi. Kwa hiyo glukosi aliyodungwa mama alfajiri iliisha, lakini kidonge cha jana yake kilikuwa bado kinafanya kazi. Mgonjwa aliyeangushwa na dawa ya aina hii hapaswi kurudishwa nyumbani kwa sababu tu ameamka na kuomba chai. Anatakiwa abaki akipimwa mara kwa mara kwa muda wa siku nzima au hata zaidi. Sisi tulipewa kwaheri na vidonge vya malaria.

Wala si siri ya wataalamu wachache. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ambayo nchi nyingi huitumia kupanga orodha zao, iliiweka gliklazidi kama mfano wa dawa za kundi hili na kueleza wazi kwamba glibenklamidi haiwafai watu waliozidi umri wa miaka 60. Mama alikuwa na miaka 65 alipoandikiwa kwa mara ya kwanza. Sisemi dawa hii ipigwe marufuku. Ni ya bei nafuu, imewasaidia wengi wenye umri mdogo na figo nzima, na kidonge cha bei nafuu kilichopo kina thamani kuliko kizuri kisichopatikana. Ninachosema ni kwamba mtu anayempa mzee kidonge hiki angepaswa kumwambia maneno mawili tu: usipokula, usikimeze mpaka uulize; na ukitoka jasho na kutetemeka, lamba sukari kwanza. Kidonge chenyewe kingekuwa na kinywa, kingesema hivyo.

Turudi kidogo kwenye ile dripu ya kwinini, maana bado inanikosesha usingizi. Siku hizi sindano inayopendekezwa kwa malaria kali ni atesuneti, lakini kwinini bado ipo kwenye makabati, na hutolewa pale atesuneti inapokosekana. Kwinini yenyewe huchochea kongosho kutoa insulini, na ni moja ya dawa zinazojulikana kushusha sukari. Fikiria basi mgonjwa ambaye sukari yake iko 1.9, ametoka jasho, anaweweseka, na anaongezewa kitu cha kuishusha zaidi kwa kuwa katika nchi yetu kila anayeweweseka ni mgonjwa wa malaria hadi ithibitishwe vinginevyo. Kijana wa kisukari akiyumba barabarani Busia jioni, watu watasema amelewa waragi. Mwanamke akipayuka, watasema ana mapepo. Kumchoma mtu kidole ni kazi isiyofika dakika moja, na ningependa iwe sheria katika kila kituo, kikubwa na kidogo, kwamba mgonjwa yeyote aliyepoteza fahamu au aliyechanganyikiwa apimwe sukari kabla ya kupewa dawa nyingine yoyote.

Sasa niseme juu ya bahasha. Wasomaji wa Uganda wanaifahamu: kibahasha cha karatasi, wakati mwingine kipande cha gazeti kilichokunjwa, ndani yake vidonge vyeupe vilivyohesabiwa kutoka kwenye kopo la vidonge elfu moja, na juu yake kwa kalamu "1x2". Jina la dawa halipo, nguvu yake haipo, tarehe haipo. Kwa mtoa dawa, 1x2 ni kidonge kimoja mara mbili kwa siku. Kwa mzee wa jirani yetu ilikuwa ni vidonge viwili kwa mara moja, na alivimeza hivyo, usiku, akiwa anakwenda kulala. Mama naye alikuwa na bahasha nne zinazofanana kwenye mkebe mmoja wa biskuti. Nilipozimwaga mezani baada ya tukio lile, mtoa dawa mwenyewe hakuweza kutofautisha mbili kati yake kwa kuzitazama tu. Kumbuka kwamba kila moja ya bahasha hizo ilikuwa imeandikwa na mtu aliyejua anachoandika; elimu ilikuwapo, ila ilibaki upande wa pili wa dirisha.

Hapa mpakani tuna tatizo letu la nyongeza. Dawa ikikosekana upande huu, mtu huvuka akainunua upande wa Kenya, na huko huipata ikiwa na jina la kampuni na sanduku la rangi nyingine. Mgonjwa ambaye anayo glibenklamidi ya bahasha hununua Daonil ya sanduku akidhani ni dawa tofauti, kumbe ni kitu kilekile, akazimeza zote mbili. Vipo pia vidonge vilivyounganisha metformini na dawa ya kundi la glibenklamidi ndani ya kimoja. Mgonjwa akibadilishiwa na kupewa hivyo bila kuambiwa aache vya zamani, atakuwa amejiongezea dozi huku akiamini anatii. Ninamfahamu mtu aliyefanya hivyo kwa wiki tatu. Mkewe alikuwa akimwamsha kila alfajiri kwa chai ya sukari nyingi bila kujua kwamba anamtibu.

Zaidi ya hayo, miili yetu haina ugonjwa mmoja mmoja kama zilivyo kliniki. Mtu mwenye kisukari na virusi vya UKIMWI ana kadi moja huku, daftari jingine kule, na siku mbili tofauti za kwenda. Upande wa virusi anaweza kuwa anameza Septrin kila siku kwa kinga, na Septrin ikikutana na glibenklamidi huiongezea nguvu ya kushusha sukari. Anaweza kuwa anameza dolutegraviri, dawa ambayo Uganda ilianza kuhamishia wagonjwa wake mwaka 2018. Watafiti wa Kampala waliripoti mwaka 2020 kwamba baadhi ya waliohamishiwa dawa hiyo walipandwa na sukari. Dawa hiyohiyo huongeza kiwango cha metformini damuni, kiasi kwamba mwenye kuzitumia zote mbili anashauriwa asizidishe miligramu 1,000 za metformini kwa siku. Ni nani anayemwambia haya, ikiwa daktari wa Jumanne haoni kadi ya Alhamisi?

Kifua kikuu ndicho mfano ninaoupenda kuueleza, ijapokuwa neno kupenda halifai hapa. Rifampisini, dawa mama ya kifua kikuu, hulifanya ini livunjevunje glibenklamidi haraka, hivyo sukari ya mgonjwa hupanda, na daktari mwangalifu humwongezea dozi. Ni sawa kabisa. Miezi sita inapita, kifua kikuu kimepona, mgonjwa anapongezwa, rifampisini inakoma. Lakini dozi iliyoongezwa inabaki kwenye daftari, kwa sababu aliyemaliza tiba ya kifua si yule aliyeongeza dawa ya sukari. Baada ya wiki mbili au tatu ini limerudi katika kazi yake ya kawaida na dawa ni nyingi kuliko inavyohitajika. Mtu aliyepona kifua kikuu anaanguka shambani, na watu wanashangaa.

Shirika la Afya Duniani lilipozindua mwaka 2017 mpango wake wa kupunguza kwa nusu, katika miaka mitano, madhara makubwa yanayoepukika yatokanayo na dawa, lilitaja maeneo matatu ya kuangaliwa kwanza: dawa na mazingira yenye hatari kubwa, mgonjwa mmoja kutumia dawa nyingi, na mgonjwa kuhama kutoka mikono ya mhudumu mmoja kwenda mwingine. Nilipoyasoma niliona kama walikuwa wamekaa kwenye benchi letu. Miaka mitano hiyo imekwisha pita.

Insulini nayo ina mambo yake, na hapa nitazungumza kwa kumhusu binti wa dada yangu, ambaye aliugua akiwa na miaka kumi na mmoja. Kwa mtoto kama yeye insulini ni uhai wenyewe. Kabla haijapatikana kule Toronto mwaka 1921, mtoto wa aina yake hakuwa na miaka ya kuhesabu. Ndiyo maana makosa yake yanatisha. Insulini tunayopewa kwa kawaida ina uniti 100 kwa kila mililita, na bomba lake limepimwa kwa uniti hizo. Lipo bomba jingine, la insulini ya uniti 40, ambalo huingia sokoni kwa njia zake na hufanana sana na lile la kwanza isipokuwa kifuniko, ambacho kwa kawaida ni chekundu badala ya rangi ya chungwa. Mtu akivuta hadi alama ya 20 kwenye bomba hilo la uniti 40, huku chupa ikiwa ya uniti 100, atakuwa amejidunga uniti 50. Hakuna atakayeona kosa kwa macho, kwa sababu alama ni 20 na daftari limeandika 20. Mabomba ya insulini yakikosekana kabisa, wazazi huuziwa bomba la kawaida la mililita moja lisilo na uniti zozote, wakaachwa wakadirie wenyewe.

Hata namna ya kuandika ina hatari. Daktari mwenye haraka akiandika 10 na kuunganisha herufi u nyuma yake kwa mwandiko wa kukimbia, u hiyo husomeka sifuri, na kumi ikawa mia moja. Neno uniti lina herufi tano. Hakuna daktari aliye na kazi nyingi kiasi cha kushindwa kuziandika.

Kisha kuna joto. Chupa isiyofunguliwa hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na nyumba nyingi hazina friji, au zinalo na umeme hauna. Wengi hutumia chungu cha udongo chenye mchanga uliolowa, kilichowekwa kivulini, na si ushamba hata kidogo. Chungu hupunguza joto kwelikweli, mradi mchanga uloweshwe kila siku na chupa ifungwe isiingie maji. Kosa la kinyume hufanywa na wenye friji, wanaoisukuma chupa hadi kwenye barafu. Insulini iliyoganda imeharibika hata ikiyeyuka. Lakini nisikilizwe juu ya hatari ambayo watu hawaifikirii. Insulini iliyopikwa na joto hupoteza nguvu, sukari ya mtoto inapanda, kliniki inamwongezea uniti, anaongezewa tena, halafu mwezi unaofuata anapewa chupa mpya nzima yenye nguvu zake zote, naye anajidunga zile uniti za chupa mbovu. Kabla ya kuongeza dozi, mtu angeuliza kwanza: chupa inalala wapi?

Vipimo navyo vimegawanyika katika lugha mbili. Mashine zetu nyingi husoma kwa milimoli katika lita moja ya damu, ambapo tano au sita ya asubuhi ni habari njema. Jamaa anayerudi kutoka ng'ambo huleta zawadi ya mashine inayosoma kwa miligramu katika desilita moja, ambapo sukari ileile husomeka 96. Mzee mmoja msikitini kwetu, aliyezoea kuona sita, aliona 96 akapatwa na kiwewe, akajidunga insulini mara mbili ya kawaida. Aliokolewa na mjukuu wake aliyejua kugawanya kwa 18.

Nimetaja msikiti, basi Ramadhani isipite kimya. Mgonjwa anayetaka kufunga anashauriwa akaonane na daktari wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama, ili dozi na saa zake zipangwe upya, kwa kuwa kidonge cha asubuhi kilichowekwa kwa ajili ya mtu atakayekula saa saba mchana hakimfai mtu atakayekula magharibi. Wengine, kama wanaojidunga insulini na wamewahi kuanguka hivi karibuni, watashauriwa wasifunge kabisa, na dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa hiyo. Kuchoma kidole kupima sukari, kwa mujibu wa wanazuoni wengi, hakuvunji saumu. Na sukari ikifika chini ya 3.9, au ikipanda juu ya 16.6, mgonjwa anatakiwa afungue wakati huohuo, hata kama adhana imebakia nusu saa. Hiyo nusu saa imewaangusha wengi waliojiona wanavumilia.

Najua jibu nitakalopewa, kwa sababu nimekwisha kulipokea kutoka kwa muuguzi ninayemheshimu: tukiwaeleza wagonjwa hatari za dawa, wataziacha na kukimbilia miti shamba. Hofu hiyo ina msingi. Wapo wanaoacha, wakarudi na vidonda vya miguu visivyopona na macho yasiyoona, na mtoto anayehitaji insulini akiikosa kwa siku chache tu anaweza kufa. Kwa hiyo yeyote anayesoma barua hii asiache kidonge wala sindano kwa sababu yangu, bali aende akaulize. Hata hivyo, mgonjwa aliyefichwa hatari huacha dawa vilevile, tena kwa hasira, siku inapomwangusha. Mama alikataa metformini, ambayo haikuwa na kosa lolote, kwa miezi miwili baada ya tukio lile. Alisema vidonge vyote ni vya shetani mmoja. Angeelezwa mapema, angejua ni kipi cha kukihoji.

Kuhusu miti shamba yenyewe, wengi wetu tunachemsha mululuza, yale majani machungu, na kunywa pamoja na vidonge, bila kumwambia daktari kwa kuogopa kugombezwa. Hatari moja haifahamiki sana hapa kwetu. Mwaka 2008 nchini Singapore watu wapatao 150 wasio na kisukari walilazwa hospitalini kwa kushuka kwa sukari, na baadhi yao wakafa, kwa sababu ya vidonge haramu vya kuongeza nguvu za kiume vilivyochanganywa glibenklamidi ndani yake. Anayeuza chupa ya "asilia" yenye kuteremsha sukari kwa kasi ya ajabu anastahili kuulizwa ni nini kilichomo, na Mamlaka ya Taifa ya Dawa ndiyo yenye maabara ya kujibu.

Yale ambayo kila nyumba yenye mgonjwa ingefaa kuyajua yanaenea kwenye karatasi moja. Jasho la baridi, kutetemeka, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, hasira isiyo na sababu, maneno yasiyoeleweka: mpime, na kama hakuna kipimo, usisubiri. Kama anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu vidogo vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au soda ya kawaida, ile tunayokatazwa siku nyingine zote. Subiri dakika kumi na tano, rudia kama hajapata nafuu, kisha ale chakula cha kukaa tumboni. Asiyeweza kumeza usimmiminie kitu mdomoni, maana utamziba pumzi. Mkimbize kituoni na uwaambie mlangoni, kabla hawajauliza, kwamba anatumia dawa ya sukari, na uitaje. Anayetumia propranololi kwa moyo au shinikizo la damu anaweza asitetemeke wala kusikia moyo ukienda mbio, kwa kuwa dawa hiyo huzificha dalili hizo, lakini jasho hubaki, na jasho ndilo la kuangalia.

Karatasi hiyo haijawahi kutolewa kwetu kwa lugha yoyote tunayoisoma nyumbani. Katiba yetu ilifanyiwa marekebisho mwaka 2005 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha tena hatua za kukisimika. Nilifundisha Kiswahili miaka thelathini na nilishangilia mara zote mbili. Hata hivyo, dirishani mwa dawa bado ni Kiingereza na "1x2". Kwa wagonjwa wa Busia, Arua, Kasese na Bweyale, ambako Kiswahili ndicho kinachowaunganisha Msamia na Mteso, Mlugbara na Mkakwa, Mkonzo na jirani yake kutoka Kongo, na mkimbizi na mwenyeji wake, karatasi ya Kiswahili ingesomeka leo. Kwingine iwe ya Kiganda, Kiluo, Kinyankole, vyovyote itakavyofaa.

Naomba basi Wizara ya Afya na Mamlaka ya Taifa ya Dawa zijibu kupitia gazeti hili maswali yafuatayo, ambayo wagonjwa wa kliniki yetu wameniomba niyaandike kwa niaba yao. Je, wagonjwa waliozidi miaka 60 wanaotumia glibenklamidi watapitiwa upya mmoja mmoja, na gliklazidi itafika hadi vituo vya ngazi ya tatu, ambako wazee wengi hutibiwa? Je, bahasha isiyo na jina la dawa, nguvu yake na maelezo ya maneno kamili itakatazwa, na lini? Je, bomba la insulini la uniti 40 litaondolewa madukani? Na daftari, lile la kurasa 48 tunalolinunua wenyewe na ambalo ndilo kumbukumbu pekee tuliyo nayo, haliwezi kupewa ukurasa mmoja wa mbele wenye dawa zote za mgonjwa, za virusi, za kifua kikuu, za shinikizo na za sukari, ukurasa ambao kila mhudumu angelazimika kuusoma kabla ya kuandika?

Mama siku hizi anatumia gliklazidi ya dozi ndogo, ambayo tunainunua wenyewe. Sukari ya kijiko ameifunga kwenye kipande cha nailoni na kukichomeka ndani ya mkanda wa gomesi yake, na siku ya kliniki, muuguzi anapomaliza mafunzo na kuuliza kama kuna swali, yeye huinyanyua juu wenzake waione.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu,
Busia, Uganda